Fisi Wenye Taa

Habari za fisi wenye taa niliambiwa nikiwa na pini mdomoni. Mteja wangu, muuza dagaa wa hapa sokoni Katoro, alikuwa amesimama mbele yangu nimpunguzie gauni la kitenge kiunoni, na kwa kuwa sikuweza kumjibu, alipata nafasi ya kusema mpaka akamaliza. Shemeji yake ni dereva wa lori. Alikuwa anarudi kutoka Ushirombo, giza ndio linaingia, na alipokaribia lambo la maji akaona fisi wanavuka barabara kwa mstari, kila mmoja ana taa shingoni. Nyuma yao bibi kizee na fimbo. Dereva hakusimama. Alikanyaga mafuta mpaka Katoro, akashuka anatetemeka, akaomba maji ya kunywa.

"Mbiti kabisa," akaongeza kwa Kisukuma, nisije nikadhani anasema mbwa. "Na si fisi wa porini, dada. Fisi wa watu."

Fisi wa watu, kwetu, ni fisi wa mchawi. Anafugwa, anakamuliwa, anapandwa kwenda kuloga. Nilitema pini kiganjani. Ningecheka, kwa sababu zile taa nilizishona mimi, kwenye cherehani ileile iliyokuwa mbele yetu, na hao fisi walikuwa mbwa ambao yeye mwenyewe kila Jumamosi alikuwa anawatumia chenga za dagaa. Lakini kicheko hakikuja.

Yule bibi nilimfahamu kwa sababu ya mbwa. Maeneo yetu haya, dhahabu ikiibuka mahali papya, wachimbaji wanaita rashi, na rashi ikipiga, kambi nzima inahama kabla jua halijazama. Wanabeba magodoro, masufuria na majenereta, wanang'oa hata milango. Mbwa hawawabebi. Mbwa waliolinda maduara, yale mashimo ya dhahabu, na viroba vya mawe msimu mzima wanaachwa na kamba shingoni, wamefungwa kwenye nguzo, wanasubiri watu ambao wameshawasahau. Bibi alikuwa anaishi jirani na kambi moja ya namna hiyo, nje kidogo ya mji. Kambi ilipohama, alichukua kisu akaenda kuzikata zile kamba, na mbwa wakamfuata nyumbani. Baada ya hapo watu wakazoea kumletea: mbwa aliyegongwa na pikipiki, mbwa aliyezeeka, watoto wa mbwa waliotupwa dampo ndani ya kiroba. Paka walikuja wenyewe, paka haombi kibali.

Hakuwa na kibao wala ofisi. Alikuwa na ua wa miti ya minyaa, banda la mabati ya kuokoteza, na pipa lililokatwa nusu ambalo alipikia uji wa pumba. Sisi wanawake wachache wa sokoni tulimsaidia, na tulipenda kujiita kamati ingawa hatukuwahi kukaa kikao hata siku moja. Mama ntilie alitoa ukoko na mifupa, mwenye mashine ya kusaga alitoa pumba, muuza dagaa alitoa chenga. Mimi ndiye niliyekuwa nazipeleka kwa bodaboda, kwa hiyo katika kamati nzima aliyewahi kufika kule ni mimi tu. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, ila sikuliona.

Tatizo la bibi lilikuwa maji. Lambo ni la watu na ng'ombe, na mchana wenye ndoo hawakutaka mbwa wasogee. Basi akawa anasubiri watu waondoke, jioni kabisa, ndipo anawapeleka kunywa. Njia inakata barabara ya lami, na malori yakaanza kuwaua mbwa mmoja mmoja. Siku moja alikuja akaketi kwenye benchi langu, akanyoosha kidole kwenye kizibao cha mchimbaji nilichokuwa nashona, kile chenye utepe wa kuakisi mwanga, tunachokiita riflekta. Akauliza kama ule utepe unaweza kung'olewa. Nilikuwa na vizibao vibovu tele. Niliwashonea mbwa wake wote mikanda ya shingoni, na tangu siku hiyo hakugongwa hata mmoja.

Haya yote nilimweleza muuza dagaa palepale, gauni likiwa bado na pini. Nilidhani atapiga makofi na kuangua kicheko, maana ni mtu wa vichekesho. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa amekula kitu kibaya.

"Kwa hiyo dagaa zangu," alisema polepole, "siku zote hizi nampa nani?"

"Mbwa, mama! Unawapa mbwa!"

"Wewe unasema mbwa." Akavua gauni, akaliacha mezani bila kumaliza vipimo, akaondoka.

Nilikulia Shinyanga, kijijini, na najua maneno ya aina hii yanaanzaje na yanakwenda wapi. Yanaanza kwa salamu. Tulikuwa na bibi jirani yetu, macho mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupikia mabua ya dengu na kinyesi cha ng'ombe, kama walivyo wanawake wote wa umri wake. Lakini kwetu kizee mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Watu wakaacha kumwambia mwangaluka asubuhi. Kisha wakaacha kupita mbele ya nyumba yake. Yaliyofuata mama yangu alituzuia kwenda kuyaona, na sitayaandika hapa. Niseme tu kwamba tangu utotoni nikiona kizee mwenye macho mekundu anapita na watu wananyamaza, namwamkia kwa sauti ya juu.

Na bibi wa mbwa alikuwa na macho mekundu. Kila siku ameinama juu ya lile pipa, anakoroga uji kwa mwiko mrefu, moshi wa kuni mbichi unamwingia usoni. Yakimtoka machozi anajifuta kwa upindo wa khanga, yanazidi kuwa mekundu.

Nilifunga kibanda nikaenda kwa mama ntilie kuchukua ukoko. Aliniambia leo hakuna, na sufuria nililiona pale pembeni limejaa. Nilikwenda mashineni. Mwenye mashine alisema pumba zimeshachukuliwa. Nikamwuliza na nani, akaanza kupekua mfuko wa shati kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mimi nina mdomo usio na breki, nikamwambia pumba hazijawahi kuwa na wateja wengi hivi tangu dunia iumbwe. Hakunijibu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu yule mzee ananijibu siku zote, tena kwa matusi.

Nilimkuta bibi amekaa kwenye kigoda, mbwa wamemzunguka, mikanda yao imefifia kwa jua la mchana. Nilipiga goti nikamwamkia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mikono mitupu."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akimkwanyua kupe mbwa mmoja jike, mweusi, anayechechemea, aliyekuwa kipenzi chake. Hakushtuka. Aliniambia tangu juzi kuna mtu ametupa majivu mlangoni kwake, na jirani yake, mfugaji wa pale ng'ambo ya lambo, amefiwa na ndama mfululizo na hamwitikii tena salamu. Alikuwa amekwisha kujua. Mimi niliyekuja mbio na roho mkononi ndiye niliyekuwa nyuma.

"Twende kwangu," nilimwambia. "Leo hii. Ulale kwangu."

"Na hawa?"

"Mbwa watajua wenyewe!"

Alinitazama mpaka nikaona haya. Akasema, "Nikiondoka leo, kesho watasema nimekimbia. Ukikimbia umekiri. Si ndivyo, mwanangu?"

Ndivyo ilivyo. Wakati nimesimama pale akaja mgambo wa sungusungu, lile jeshi la jadi la ulinzi, kijana mwenye filimbi shingoni na fimbo, akasimama mbali na ua kama vile minyaa ingemng'ata. Alisema bibi anahitajika kesho alasiri kwenye ghala la pamba, mbele ya mkutano, na mbwa wasitolewe nje mpaka hapo. Hakumwamkia. Kijana wa umri wa mjukuu wake, na hakumwamkia.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilishona mikono miwili ya shati upande mmoja. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na dereva aliyeona taa asiulize ni taa ya nini, na kamati yangu, na mfugaji, na mimi mwenyewe, na mume wangu aliyekuwa ananiambia nisiende. "Utaunganishwa," alisema. Nilimwambia kama nitaunganishwa basi naomba aniletee nguo nzuri ya kuunganishiwa. Aliacha kuongea na mimi, lakini alinisindikiza mpaka njia panda.

Ghala la pamba lilikuwa tupu, msimu ulikuwa umeshapita. Watu walikaa nje kwenye kivuli cha ukuta wake, wanaume mbele, wanawake pembeni, sungusungu wamesimama na fimbo. Bibi aliwekwa kwenye kiti katikati, peke yake. Hakuna aliyekuwa karibu naye hata kwa urefu wa khanga. Nilikwenda nikaketi chini pembeni ya miguu yake, na nikasikia mnong'ono ukipita kwa wanawake nyuma yangu. Muuza dagaa alikuwepo. Aligeuza uso.

Mwenyekiti wa mtaa alifungua mkutano, kamanda wa sungusungu akamwita dereva wa lori. Dereva alisimulia yaleyale, ila fisi walikuwa wameongezeka ukubwa, na taa zao sasa zilikuwa zinawaka na kuzima. Kisha akasimama mfugaji. Huyu hakupaza sauti. Alisema ndama wake wamekufa wakiwa na afya, jioni wazima, asubuhi wamekauka. Alisema hana ugomvi na mtu, anauliza tu. Aliposema "anauliza tu" watu waliguna, na mgambo mmoja akahamisha fimbo kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Nilikiona kitendo kile, nikasogea karibu zaidi na miguu ya bibi.

"Mayu," kamanda alimwuliza bibi, "unatembea na nini jioni?"

"Na mbwa."

"Mbwa wana taa?"

Nilimgusa bibi mguu, aseme, hakusema. Mimi nikasimama bila kupewa ruhusa. Nilisema hovyo, nakiri, kwa sababu nikikasirika Kiswahili changu kinakimbia na Kisukuma kinaingia katikati. Nilimwita dereva mwoga. Nilisema taa ni zangu. Mwenyekiti akaniambia nikae, na mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Huyu naye ni wao!" Nikahisi watu wamesogea, si mbali, kidogo tu, kama maji yanavyosogea kabla hujajua yanaelekea wapi.

Kilichonijia wakati ule hakikuwa akili, kilikuwa woga. Nilichomoa mkanda wa mbwa kutoka kwenye mkoba, niliokuwa nimeubeba kama ushahidi, nikaunyanyua juu. Juani ulikuwa kitambaa tu cha kijivu, kimechakaa. Watu wakacheka vibaya. Kamanda akasema, "Hicho kinawaka wapi?"

"Giza!" nilipiga kelele. "Kinataka giza! Fungueni ghala!"

Walibishana kwanza. Wengine walisema nataka kuwaingiza mahali niwafanyie kitu. Kamanda, ambaye naamini alikuwa anatafuta njia ya kutoka kama mimi, alisema wanaume wachache waingie, na mbwa mmoja aletwe. Akaletwa yule jike mweusi, anachechemea, mkanda shingoni, akaingia ghalani akinusa sakafu iliyokuwa bado na vumbi la pamba. Dereva akaingia. Mfugaji akaingia. Mimi nikaingia na bibi akaongozwa ndani. Wakasukuma ule mlango mkubwa wa bati mpaka mstari wa mwisho wa mwanga ukakatika.

Giza la ghala la pamba ni zito. Nilisikia watu wanapumua. Nilisikia mtu anaomba kwa sauti ndogo, sijui Mungu au mizimu. Nikawaza: kama nimekosea, kama kitambaa kimechakaa mno kisiwake, sisi wote wawili hatutoki humu. Nikatafuta simu kwenye sidiria, vidole vinateleza kwa jasho, nikawasha tochi na kuielekeza chini.

Mkanda ukawaka. Ukawaka mweupe mkali, duara kamili, na juu yake macho mawili ya mbwa yakawaka kijani. Dereva aliruka nyuma akagonga ukuta, akasema, "Ndio hao! Ndio hao!" Na yule jike, aliposikia kelele, akatikisa mkia.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni kamanda. Kicheko kikapanda mpaka kwenye bati, mlango ukasukumwa, wa nje wakaingia na wao wakataka waone, ikabidi tufunge na kufungua tena na tena. Dereva alitaniwa mpaka akataka kulia. Mgambo mmoja akajifunga mkanda mkononi, akawa anaupunga gizani huku wenzake wanammulika. Wanawake walinishika mabega. Muuza dagaa alikuja akanikumbatia, akaniambia gauni lake bado analitaka. Mwenyekiti akatangaza kwamba bibi hana kesi, na kwamba tangu leo mbwa wale wanywe maji jioni bila kusumbuliwa. Nilikuwa nimelowa jasho na nafurahi kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Niliwaza: nimemwokoa. Kabisa, niliwaza hivyo kwa maneno hayo.

Mfugaji hakucheka. Alisubiri mlangoni mpaka bibi apite, akamtazama usoni kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya. Mbwa tumewaona." Akaenda zake.

Njiani nilikuwa naongea mimi tu. Nilikuwa napanga: pumba zitarudi, tutapata mabati mazuri, labda bwana mifugo atakuja na chanjo ya kichaa cha mbwa bila kubembelezwa. Bibi alitembea na fimbo yake, jike mweusi pembeni. Tulipofika kwenye ua, aliketi kwenye kigoda na kunishika mkono.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Wabeja sana," alinishukuru. "Lakini hukumsikia yule?"

"Nani?"

"Jirani. Kasema mbwa." Alijifuta macho kwa khanga. "Mbwa umewatoa hatia. Mimi utanimulika na nini?"

Nilimwangalia macho yake, mekundu, yenye machozi, na nikaelewa kwamba ghalani hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza habari zake. Waliuliza taa. Taa zikajibiwa. Ndama wa jirani walikuwa bado wamekufa, na msimu ujao watakufa wengine, na bibi atakuwa palepale ng'ambo ya lambo na macho yaleyale. Nililia. Yeye hakulia, alikuwa anawaza mambo ya kufanya.

Ana binti Kalangalala, mjini Geita, amepanga vyumba kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba hataki hata kuku. Alisema atakwenda huko. Mbwa alinikabidhi mimi bila kuniuliza, akinionyesha mmoja mmoja nani anauma, nani anaiba, nani asilale na nani. Mume wangu alipoona msafara unaingia uani kwetu aliketi kwenye ngazi akashika kichwa. Mpaka leo yuko hivyo, ila siku hizi anawachotea maji.

Kabla bibi hajaondoka alitaka tupite sokoni. Nilidhani anataka kununua khanga au sukari ya mjukuu. Alisimama kwenye meza ya miwani ya jua, zile wanazovaa vijana wakitoka kuuza dhahabu, akajaribu moja baada ya nyingine, mpaka akapata nyeusi kabisa, kubwa, inayofunika mpaka nyusi. Muuzaji akacheka akamwambia mayu umependeza, umekuwa bosi wa mgodi. Naye akacheka. Hakuivua tena.

Stendi, kondakta wa basi la Geita alipomwona anapapasa ngazi ya kwanza kwa fimbo, akamdhania kipofu. Alimshika mkono kwa upole, akawaambia watu wampishe. Dada mmoja akainuka kumpa kiti cha dirishani. "Pole mayu, shikamoo," walimwambia, huyu na huyu, na mtu mmoja akamwekea mfuko wake miguuni vizuri. Nilisubiri awaambie kwamba anaona. Aliitikia marahaba zote, akaketi, akatazama mbele.

Basi lilipowasha injini alifungua dirisha. Nikasogea nikidhani anataka kuniambia kuhusu jike mweusi.

"Usiwapikie kwa kuni," alisema. "Tafuta mkaa."